Umoja Wetu na Yule Aliyeanguka

Jumapili, 28 Aprili

Wamenichagua mimi. Mimi! Nilikwenda mkutanoni kula wali wa gandul na kupangiwa tarehe zangu za msimu, nimerudi nyumbani mwenyekiti wa Umoja wa Vikundi vya Ketoprak wa wilaya nzima, sisi wote tunaoigiza hadithi za wafalme jukwaani.

Sijidanganyi, si uhodari. Pak Gondo, mwenye kikundi cha Kencana Laras, alikitaka kiti. Pak Sarwo, mwenye kikundi kingine, naye alikitaka. Hao wawili hawajasalimiana vizuri tangu Gondo alipomnyang'anya mwenzake mwigizaji wa nafasi za malkia. Kila mmoja akaona heri kikaliwe na mjane kuliko na yule. Basi mikono ikainuliwa. Mzee Gembus, mchekeshaji wa Gondo, akasema pale nyuma kwamba wakipigana fahali wawili, siku hizi nyasi haziumii, zinapewa uenyekiti. Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka—ningefanyaje?

Sasa nimekaa barazani najiuliza: umoja huu ni kitu gani hasa? Tunagawana tarehe ili vikundi viwili visikutane kijiji kimoja. Tunafuatilia vibali polisi. Mtu akifiwa tunakwenda na mchele na sukari. Gongi la mmoja likipasuka anaazima la mwenzake, na manung'uniko anapewa bure. Basi. Galih, mpwa wa marehemu mume wangu, anatuita klabu ya wazee wa kahawa. Amekulia kwenye kikundi changu, Sekar Jati, kisha akaondoka na vijana wangu wazuri wazuri akaanzisha Elang Muda. Kujiunga nasi hataki. Leo pia hakuja.

Nanik, binti yangu, ananitania. Eti sasa nitaalikwa sherehe za serikali, ninunue viatu.

Alhamisi, 9 Mei

Mwezi wa Apit umeingia. Kila kijiji sasa kinaishukuru ardhi, na ardhi haitosheki na wali na kuku peke yake—inataka ketoprak. Wafalme, vita, mapenzi, wachekeshaji, gongi mpaka masikio yaume. Onyesho la mchana, onyesho la usiku. Leo tumefungua msimu Wonosekar. Nacheza mama wa mfalme. Siku hizi ni mama wa wafalme tu, umri huo umenifika. Naandika nyuma ya pazia, juu ya sanduku la mavazi, nikingoja zamu yangu kama kawaida.

Njiani nimeona mabango ya Elang Muda. Hakuna mfalme wala malkia. Ni Tejo tu, kijana wao anayepaa, hewani, mikono ameitandaza, chini yake vichwa vya watu kama nazi sokoni. Wameandika kwamba hakuna anayepaa juu kuliko wao.

Lakini sote tunapaisha watu. Ndivyo tulivyowazoesha watazamaji. Kwangu anayepaa ni Heru, mume wa Nanik. Anavaa mkanda chini ya nguo za shujaa, kamba inapita juu ya bomba la chuma, wanaume wanavuta nyuma ya pazia, naye anaondoka jukwaani na kuzunguka juu ya umati. Zamani shujaa alipaa kwa maneno. Gongi likilia, watu waliinua macho wakamwona. Sasa bila kamba hawaoni kitu.

Gondo amenipigia simu. Elang Muda wamemchukulia kijiji alichokizoea miaka yote, anataka umoja uchukue hatua. Hatua gani, nikamuuliza, kwa mtu ambaye si wetu? Akasema ndiyo sababu nimepewa kiti, nifikiri.

Jumapili, 12 Mei

Tejo ameanguka.

Tulikuwa katikati ya onyesho la mchana. Nikaona simu za watazamaji zinawaka, moja baada ya nyingine, vichwa vinainama. Nilidhani tumewachosha. Kisha mpiga ngoma wetu akakosea mwendo—hajawahi—na nikajua kuna jambo. Nyuma ya pazia wakanionyesha. Mtu amerekodi. Tejo anapaa, anageuka kwa madaha yake yale, halafu kamba inaachia. Hakuna kelele. Kelele inakuja baadaye, watu wakishaelewa.

Hakuangukia umati. Ameangukia ukingo wa jukwaa, kwa mgongo.

Nanik alikuwa binti mfalme, ana shairi la kuagana. Tejo alianzia kwetu. Nanik ndiye aliyemfundisha kufunga kilemba. Akasema shairi lote huku analia machozi ya kweli, na wanawake wa mbele wakampigia makofi. Wakasema huyu mtoto anajua kuigiza.

Heru hakupaa. Hakuna aliyemwambia apae.

Jumatatu, 13 Mei

Vibali vyote vimesimamishwa. Vyote, wilaya nzima, mpaka itakapoamuliwa vingine. Simu haipoi. Wakuu wa vijiji wanalia kwamba siku ya kushukuru haiahirishwi, imeshapangwa, ng'ombe ameshanunuliwa. Waigizaji wanauliza watakula nini. Wote wananiita Bu Mwenyekiti. Wiki iliyopita nilikuwa Bu Yatun.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda hospitali. Tejo amelala chali, haruhusiwi kugeuzwa. Uso wake mzima kabisa, hata mkwaruzo hana—hilo ndilo linalotisha. Ananiuliza kama nimeona mgeuko wake kabla ya kamba kuachia. Nikasema nimeuona, ulikuwa safi. Akafurahi. Kisha akauliza nani atapaa badala yake Kalidoro, maana kule walimwahidi mkuu wa kijiji.

Wiwik, mkewe, amekaa miguuni pake. Anampangusa nyayo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Polepole, kidole kwa kidole. Nilidhani anamsafisha. Baadaye nikaelewa: anangoja kidole kimoja kishtuke. Madaktari wamesema wasubiri, hawakusema nini.

Galih yuko kwenye korido, sakafuni, magoti kifuani. Rangi ya jukwaani bado imebaki nyuma ya masikio. Hakusimama.

"Umekuja kama mama mkubwa au kama mwenyekiti?"

"Nimekuja na uji, Galih."

Akaupokea. Alikula kama mtu aliyesahau kwamba watu hula. Nikakaa naye pale chini, magoti yangu yakalalamika. Akaniambia kwamba tangu siku ile hakuna hata mtu mmoja wa vikundi vingine aliyefika. Nikataka kuwatetea, nikasema labda wanaogopa kukusumbua. Akasema, hapana Mama Mkubwa, wanangoja kuhakikisha nimekwisha.

Sina hakika kama anakosea.

Jumatano, 15 Mei

Mkutano wa dharura nyumbani kwangu. Viti havikutosha, wengine walikaa ngazini. Gondo alikuja ameshaandaa maneno ya kupeleka wilayani, akayasoma kwa sauti yake ya kifalme: kwamba umoja unasikitika, kwamba aliyeanguka si wa umoja wetu, kwamba vikundi vyetu vinafuata utaratibu na visiadhibiwe kwa makosa ya wahuni.

Vichwa vikatikisika. Kweli, kweli.

Nikawauliza: kamba zenu mnanunua wapi?

Mtu akakohoa. Maana kila mtu anajua. Sote tunanunua dukani kule bandarini, kamba za kufungia boti. Bomba letu ni la chuma kama lile lao, na kamba inasagika pale pale juu ambapo hakuna anayepanda kutazama. Kama Tejo ni mhuni, basi nyumba yangu ilijaa wahuni, wanakunywa chai yangu.

Gondo akasema kamba si hoja, hoja ni nani anaifunga. Kisha akatoa alilokuwa nalo moyoni: "Bu Yatun, useme tu kwamba Galih ni mpwa wa mumeo. Tutaelewa."

Iliniuma, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Kama angekuwa kijana wa mtu mwingine, ningempelekea uji? Sijui. Nilisema maneno yale hayatapelekwa mpaka nionane na wilaya. Nina haki hiyo, imo kwenye katiba yetu, ingawa hakuna aliyewahi kuitumia. Waliondoka na viatu vyao kimyakimya. Mzee Gembus peke yake ndiye hakuwa amesema neno lolote, na mtu huyo hata msibani hunena.

Ijumaa, 17 Mei

Ofisa wa utamaduni, Pak Hermawan, ni mtu mpole. Alinipa chai ya yasmini, akanipa pole, akasema anapenda ketoprak tangu yuko begani kwa babu yake. Namwamini. Kisha akanitolea jambo lake.

Vikundi vya umoja vinaweza kuendelea mara moja. Umoja uvidhamini. Visivyo vya umoja visimame msimu mzima. Na kuanzia sasa, kikundi chochote kitakachotaka kibali kilete kwanza muhuri wa umoja. Ofisi haina watu wa kukagua kila jukwaa. Sisi tunajuana, tujichunge wenyewe.

Nilitoka pale bila kumaliza chai. Ametukabidhi ufunguo. Vijana wa Elang Muda, wale akina mama wa mashamba ya chumvi wenye kikundi chao cha wanawake watupu, wale wa milimani wanaocheza na gongi tatu tu—wote, tukitaka, wanakwisha. Hatuna haja hata ya kuwachukia. Tunanyima muhuri tu. Na kuingia umoja ni kwa kura, na kura anazo Gondo.

Nitakuwa mwongo nikisema sikutamani. Nilipanda pikipiki nikaanza kuvihesabu moyoni vijiji vitakavyorudi kwangu. Nilifikia vingi kabla sijaona aibu.

Gondo alishazipata habari kabla sijafika nyumbani. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeozesha. Akasema miaka yote umoja ulikuwa mbwa asiye na meno, leo tumepewa meno. Nikamuuliza, ya kumng'ata nani?

Jumamosi, 18 Mei

Leo nimejua jambo ambalo limekuwa likilala chini ya paa langu.

Nanik alikuwa anakaanga tempe. Nikamwambia nafikiri tutaanza tena wiki ijayo, Heru ajiandae. Akaacha kijiko. Akasema, tangu vibali visimamishwe Heru analala. Nikasema kila mtu analala. Akasema hapana, Mama, hajawahi kulala vizuri usiku wa kuamkia onyesho, tangu alipovaa mkanda mara ya kwanza. Anatapika asubuhi, kisha anaosha uso, anakuja kukusalimia.

Kwa nini hakuniambia? Nanik akanirudishia swali. Amwambie mkwewe mwenye kikundi kwamba anaogopa? Mkwe gani huyo wa kiume?

Wakati wa kula nilimtazama Heru akimega wali na kumlisha mtoto. Mikono mizuri, mipana. Nikawaza: Gondo naye ana mtu wake anayepaa. Sarwo anaye. Nao pengine wanatapika, na hakuna anayemwambia mwenzake, kwa sababu kikundi kitakachoacha kupaa kwanza ndicho kitakachoachwa na vijiji kwanza. Mmoja hawezi kushuka peke yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna kikundi kinachoiweza, hata kiwe kikubwa namna gani. Tushuke wote pamoja.

Labda hicho ndicho umoja ulichoumbiwa, nasi tukaufanya wa kugawana tarehe.

Jumapili, 19 Mei

Kura.

Nilisema kwa kifupi, maana nikisema kwa kirefu naanza kuigiza. Msimu huu hakuna kikundi kitakachopaisha mtu. Hata kimoja. Mpaka tuwe na kamba za kazi hiyo, na watu waliofundishwa, na desturi ya kukagua majukwaa ya wenzetu. Kikundi chochote kilicho nje, kikikubali sharti hilo, kinapata muhuri na kinaingia, wiki hii, bila kupigiwa kura. Mlango unabaki wazi.

Kelele! Mmoja akasema watazamaji watatupiga mawe. Mwingine akasema basi tuwaachie wanamuziki wa dangdut uwanja kabisa, tuuze gongi zetu chuma chakavu. Gondo alisimama taratibu, akangoja wanyamaze—anajua kungoja, huyu mtu, ni mwigizaji mkubwa, sitamnyima hilo.

"Tumelima mwaka mzima. Mtu wa nje amechoma shamba lake mwenyewe. Sasa mwenyekiti anasema nasi tuchome yetu, ili asione haya."

Walimpigia makofi. Ningekuwa mtazamaji ningempigia.

Nikasema hapana, Pak Gondo. Nasema tutazame juu ya bomba. Kisha nikamwita Heru. Sikumwomba kabla; nilimwomba pale pale mbele ya watu, nikamwambia aseme kama anataka, na asipotaka akae. Alisimama, masikio mekundu. Akasema sentensi moja tu, kwamba kila anapopaa anamwona mwanawe chini akimpungia mkono, na anafikiri hiyo ndiyo picha ya mwisho. Akakaa.

Hakuna aliyecheka. Nilimwona kijana wa Gondo, yule anayepaa kwao, ameinamisha kichwa anatazama viganja vyake.

Tukainua mikono. Tumeshinda kwa mkono mmoja—na mkono huo ni wa Pak Sarwo. Nilipomshukuru mlangoni akasema nisimshukuru, yeye alingoja tu aone Gondo anainua upande gani. Ndivyo sheria kubwa ya kwanza ya umoja wetu ilivyozaliwa: nusu kwa huruma, nusu kwa chuki ya zamani juu ya malkia. Nimeichukua hivyo hivyo.

Jumanne, 21 Mei

Akina mama wa chumvi walikuja jana, wameingia. Wa milimani wameingia. Galih kimya.

Leo mchana nikasikia kishindo barazani. Galih amesimama uani, pikipiki inanguruma bado, na barazani kuna rundo la kamba na mikanda. Amezitupa kama mtu anayetupa nyoka.

"Hizo hapa. Si ndizo mnazotaka?"

Nikamwambia azime pikipiki. Akazima. Nikamwambia hatutaki kamba zake, tunataka yeye. Akasema kujiunga leo ni kama kutahiriwa uzeeni. Watu watakuja kutazama tu. Nikacheka, sikuweza kujizuia, naye akataka kucheka, uso ukamshinda. Akaketi juu ya kamba zake. Akasema amezikagua moja moja, na ile iliyokatika ilikuwa imelika muda mrefu, ungeiona kwa kuipitisha mkononi tu. Kuipitisha mkononi, Mama Mkubwa. Hakuna aliyeipitisha.

Sikumwambia pole. Nilimpa muhuri, nikamwambia Jumapili nitakuwa Kalidoro, nyuma ya pazia lake, kama umoja. Akauliza, utakuja kunilinda au kunichunga? Nikasema bado sijui tofauti yake.

Kisha akaniuliza lile lililomleta hasa. Nani atakwenda kumwambia Tejo kwamba hakuna anayepaa tena? Kila siku anauliza nani amechukua nafasi yake. Anataka awe mtu mzuri.

Nilikwenda mimi. Tejo alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, basi nimewakata mbawa wote. Wiwik akamwambia anyamaze, akaendelea kumpangusa nyayo.

Alhamisi, 23 Mei

Tumecheza Kedungsari bila kupaa. Theluthi ya watu waliondoka kabla ya mwisho. Mkuu wa kijiji alinipa mkono wa baridi. Heru aliimba badala ya kupaa, sauti yake nzuri, lakini si sauti waliyoijia.

Gondo anasema huu ni mwanzo tu. Amejiweka kwenye kamati ya ukaguzi, mtu wa kwanza! Anasema yeye hakuipenda sheria, lakini kama ipo, atakayeivunja wa kwanza atamjua yeye ni nani. Sote tunajua anamkusudia nani. Jumapili Gondo mwenyewe hana onyesho.

Jumapili, 26 Mei

Kalidoro. Onyesho la mchana. Naandika nyuma ya pazia, juu ya sanduku la watu wengine.

Ilianza vizuri. Uwanja umejaa mpaka juu ya kuta za shule. Elang Muda wanacheza hadithi ya nchi iliyokaukiwa, na shujaa anayepaa kwenda mbinguni kuidai mvua. Galih mwenyewe ndiye shujaa leo. Nilikuwa nimemwambia abadilishe hadithi. Akasema kijiji ndicho kilichoichagua, tangu mwaka jana, na hakuna mvua bila mbingu. Atakwenda mbinguni kwa wimbo, akasema. Watamwelewa.

Hawakumwelewa. Ilipofika pale alipoinua mikono na gongi likalia, umati mzima ukainua macho. Macho yakakaa juu. Hakuna kitu. Kisha sauti moja ikasema, "Apae!" Kisha kumi. Kisha uwanja mzima, kwa makofi ya pamoja, apae, apae. Vijana wa kijiji walikuwa wamejiandaa: wakatoa kamba, mpya, ya manjano, wakairusha jukwaani. Mmoja alishaanza kupanda nguzo kuipitisha juu ya bomba.

Mkuu wa kijiji akaja nyuma ya pazia, anatoka jasho. Akaniomba kwa heshima. Mara moja tu, Bu Mwenyekiti, chini chini, urefu wa mtu. Shukrani ikiharibika, watasema mwaka mzima kwamba ni yeye. Chupa za maji zikaanza kugonga pazia. Galih akaingia ndani, kifua kinapanda na kushuka, na kamba ile ya manjano ameishika mkononi. Aliipitisha kwenye kiganja, yote, mpaka mwisho. Ni nzima. Ndilo lililokuwa baya: ni nzima kabisa.

"Sema wewe, Mama Mkubwa. Ukisema nipae, nitapaa. Ukisema nisipae, watalivunja jukwaa na Elang Muda imekwisha leo."

Niligeuka nimtafute mkuu wa kijiji.

Wakati huo ndipo nikamwona Gondo. Amesimama kwenye ngazi ya nyuma, shati la batiki la kutokea mjini, mikono nyuma, na Mzee Gembus pembeni yake. Sijui amekuwa pale tangu lini. Alikuja kumkamata Galih na kamba mkononi, na kamba iko mkononi. Alimtazama Galih. Akaitazama kamba. Akasikiliza umati—ananusa watazamaji kama mvuvi anavyonusa upepo. Nilingoja aseme alichokuja kusema.

Akasema, "Nipeni taji."

Hakuna aliyeelewa. Akarudia, kwa hasira, kama anavyowakemea watu wake. Mtu akampa taji la mfalme mzee. Likakwama kwenye paji la uso. Akanung'unika kwamba Elang Muda wana vichwa vidogo, ndiyo maana hakuna kinachoingia. Akamsukuma Gembus mbele. Gembus akatoka jukwaani akijikwaa kwa makusudi kwenye chupa, akaanza kuziokota moja moja, anauliza bei ya chupa tupu Kalidoro siku hizi, maana amekuja mchekeshaji anaondoka tajiri. Kicheko kikatoka upande wa kushoto. Upande wa kulia bado wanadai apae.

Kisha Gondo akatoka. Polepole. Alikwenda katikati ya jukwaa la kikundi alichotaka kukifuta, shati la batiki na taji la kuazima, akasimama akangoja. Wakanyamaza—si wote. Wa mbele wakanyamaza. Wanamjua. Babu zao walimjua.

Galih akaiangusha ile kamba miguuni pangu, akatoka nyuma yake. Hawajawahi kusimama jukwaa moja hawa wawili. Hakuna walichokubaliana, hadithi hii Gondo hata haijui. Nawaona kupitia tundu la pazia. Galih amepiga goti kama adabu inavyotaka. Gondo amemzunguka, amemtazama mabega, kulia, kushoto, mbele ya watu wote.

"Mwanangu," amesema, kwa sauti inayofika mpaka juu ya kuta, "jana ulikuwa na mbawa. Nchi nzima iliziona. Leo ziko wapi?"

Uwanja umenyamaza sasa. Wote. Hata yule kijana juu ya nguzo ameacha kupanda.

Galih bado amepiga goti, anatazama mbao, na Gondo hamsaidii, hamwongezei neno, amemwachia kimya chote. Mpiga ngoma ameweka mkono juu ya ngozi anangoja. Galih anainua uso, anaanza wimbo wake wa mbinguni, na macho ya uwanja yanapanda naye, bila kamba.